ULIZA TUKUJIBU: Hao wasomi wa sanaa pale chuoni wanatafuta nini hasa?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia upande mmoja: vinyago, michoro, milango, na watu wa vyuo vikuu wanaoishi kwa kuvichunguza. Tumeona tuzijibu kwa pamoja. Tumezifupisha kidogo, mtusamehe, kuna moja ilikuja kurasa tano.

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu kamaliza form six, anataka aende Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusomea sanaa alafu mbele ya safari afanye masters ya historia ya sanaa na estetiki. Mimi ni fundi magari, sijawahi kuona mtu analipwa kwa kuangalia picha. Nimkataze au nimwache? – Baba wa binti, Morogoro

Mzee wangu, shikamoo. Usimkataze kwanza, nisikilize.

Kuangalia picha ni kipande kidogo sana cha hiyo kazi. Wewe ukiletewa gari la mtumba limepigwa rangi mpya linang'aa, rangi huihangaikii, unainama chini kuangalia chesisi na kumuuliza mwenye gari lilipita kwa nani na nani kabla yake. Hawa nao ndo hivyohivyo. Mtu anaweza kukaa miezi kwenye makavazi anasoma barua za zamani za misheni, risiti za duka, daftari la makumbusho lililoandikwa kwa mwandiko wa kuku, anahoji wazee, anapima mbao, yote hayo ajue tu kitu fulani kilitengenezwa na nani, lini, kwa hela ya nani, na kimefikaje kilipo leo.

Na sio mambo ya Ulaya peke yake, kwetu huku yana umri wake. Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza darasa la uchoraji Makerere, kwanza kwenye baraza ya nyumba yake, na kufikia 1939 kazi za wanafunzi wake zilishaonyeshwa London. Mle ndo alipita Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga mnara wa uhuru ule wa Kampala wa 1962, na Sam Ntiro wetu wa Kilimanjaro, ambaye baadae alikuja kuwa balozi wetu London, na mchoro wake mmoja wa watu wanampelekea bibi harusi mbege usiku ulinunuliwa na MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Trowell alikuwa hapendi wanafunzi wake waige picha za Wazungu, alikuwa anawasimulia kitu kwa maneno alafu wao wanachora walivyokiona kichwani. Alipoondoka 1958 akaingia Cecil Todd na msimamo tofauti kabisa, akaleta historia ya sanaa ya Ulaya darasani kama somo. Sasa yupi alikuwa sahihi? Wasomi wa Makerere kama George Kyeyune, ambaye mwenyewe ni mchongaji, wameandika sana kuhusu kipindi hicho na ugomvi haujaisha. Mimi naona Trowell alikuwa na nia njema ila kumficha mwanafunzi picha za watu wengine eti asiharibike, hapana, hiyo ni kumfanya mtoto wakati ni mtu mzima. Hapo Mlimani nako wamepita kina Profesa Elias Jengo, mchoraji na mwalimu wa miaka mingi, kwa hiyo binti hatakuwa wa kwanza kuilima hiyo njia.

Hela sasa. Sikudanganyi mzee, nafasi ni chache: kufundisha, makumbusho, idara za mambo ya kale, magalari, mashirika ya urithi. Mwambie asome na lugha, Kijerumani au Kireno au Kiarabu, mana nyaraka nyingi za vitu vyetu ziko kwenye hizo lugha na wanaozisoma kwetu wanahesabika. Hapo ndo atapata kazi wenzake wakiwa bado wanazunguka na bahasha.

SWALI: Mdau mmoja pale Mwenge kaniuzia kinyago cha shetani, kaniambia ni cha kale cha Wamakonde, miaka mia na zaidi, mababu walikuwa wanakitumia kwenye matambiko. Nimelipa hela nzuri tu. Rafiki yangu anasema nimepigwa. Nani mkweli? – Mnunuzi mwenye wasiwasi, Dar

Umepigwa ndugu yangu, ila umepigwa kwenye stori, kinyago chenyewe kinaweza kuwa kizuri tu.

Mtindo wa shetani una umri wa watu ambao baadhi yetu tumekutana nao. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na mijini, na wachongaji wakakuta kuna soko. Miaka ya hamsini hapo Dar kulikuwa na mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, alikuwa ananunua kazi zao na kuwapa moyo wajaribu vitu vipya, na mchongaji anayetajwa kuuanzisha huo mtindo wa mashetani anaitwa Samaki Likankoa. Ule mwingine wa watu wamepandana kama mnara, tunaouita ujamaa, anatajwa Yakobo Sangwani. Unaona? Watu wana majina kabisa. Mwingereza mmoja, Zachary Kingdon, alikaa na wachongaji wenyewe hapa Dar akawasikiliza wanavyoelezea kazi zao, akatoa kitabu 2002, na picha inayotoka pale ni ya mafundi wanaobuni, wanaoshindana, na wanaojua vizuri mteja anataka nini.

Vitu vya jando na ngoma vya Wamakonde vipo kweli, barakoa za mapiko kwa mfano, lakini zile zinachongwa kwa mti mwepesi mana mtu anacheza amezivaa, ukimvalisha mtu mpingo kichwani atacheza dakika ngapi? Mpingo mzito ule ndo mti wa kazi za kuuza. Na ukitaka kujua kama ulichonacho ni mpingo kweli au ni mti mweupe umepakwa kiwi ya viatu, chukua kipande kikavu kitie kwenye ndoo ya maji, mpingo unazama. Ila kinyago kizima usikitumbukize, utanilaumu bure.

Kuna makala moja ya 1992 ya Sidney Kasfir, profesa aliyekuwa Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta, imesumbua sana vichwa vya watu wa fani hii. Aliuliza hivi, kwa nini wanunuzi na makumbusho ya Magharibi wanaona kitu cha Afrika ni orijino pale tu kinapokuwa cha kabla ya ukoloni, kimetumika kwenye mila, na aliyekitengeneza hajulikani jina? Yani fundi akijulikana jina na akiwa hai thamani inashuka! Sasa huyo jamaa yako wa Mwenge hajasoma makala ya Kasfir, lakini sokoni kafundishwa somo lilelile: ukisema nimechonga mimi mwezi uliopita mteja anakunja sura, ukisema ni cha mababu anatoa pochi. Rudi pale, usigombane nae, muulize aliyechonga nani na anakaa wapi. Akikutajia jina liandike.

SWALI: Naomba kuuliza hii estetiki ni kitu gani? Si ni ladha ya mtu tu, mimi napenda hiki wewe unapenda kile, mnaenda chuo kusomea ladha? – Mbishi wa Mbeya

Swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani, na Mjerumani Immanuel Kant alilikalia mwaka 1790. Alisema hivi kwa ufupi na kwa mfano wangu: mtu akikwambia hapendi bamia humbishii, unamwachia bamia zake. Lakini akikwambia ule wimbo mbaya wakati wewe unaona ni mzuri, unaanza kubishana, unampa sababu, unataka akubali. Kwa nini hapa tunabishana na pale hatubishani? Hapo ndo estetiki, yani elimu ya kuchunguza uzuri na sababu za kuuita uzuri, inapoanzia kazi.

Shida ya hao kina Kant ni kwamba waliongea kama vile binadamu wote wamekaa sebule moja ya Ujerumani. Miaka ya sitini profesa wa Yale, Robert Farris Thompson, alikwenda kwa Wayoruba Nigeria, anapanga vinyago alafu anawaomba watu wa kijijini wavipime, kipi kizuri kipi kibaya na kwa nini. Wakamwaga sababu, sio za kubahatisha: kifanane na mtu lakini kisifanane mno, kionyeshe mtu akiwa kwenye umri wa nguvu zake hata kama amechongewa mzee, kiwe laini, mistari ionekane. Kwa hiyo ile habari kwamba Mwafrika anachonga kwa ajili ya mila tu hajui kuchambua uzuri ikafa pale, au ilitakiwa ife. Alafu Susan Vogel alipokaa na Wabaule wa Ivory Coast akaja na jambo lingine gumu zaidi, kwamba vitu vyao vyenye uzito mkubwa ndivyo visivyotakiwa kuangaliwa hovyo, vinafichwa, vinatolewa kwa nafasi, na kuviona bila ruhusa ni hatari. Hebu fikiria sasa makumbusho, kazi yake yote ni kuonyesha. Hili lishike, linarudi kwenye swali linalofuata.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi, nyumbani ni Kilifi. Bibi yangu akiskia neno "mtafiti" anakasirika kabisa, anasema hao ndo walileta wezi wa vigango. Na mimi nataka kusoma mambo haya haya ya sanaa. Ni kweli walileta wezi? – Mjukuu, Kilifi

Marahaba mjukuu, na bibi mpe salamu zetu. Ana hoja, na wewe pia una njia.

Kwa ambao hawavijui: kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu, kwa Wagiriama na ndugu zao wengine wa Mijikenda. Kinakuwa na kichwa, mara nyingi cha mviringo, na mwili bapa umenakshiwa kwa pembetatu pembetatu. Kikishasimamishwa hakiguswi, hata mji ukihama chenyewe kinabaki palepale mpaka kiishe kwa mvua na mchwa, na kuisha kwake ni sehemu ya mpango. Ukiking'oa umemng'oa mtu, na familia itakwambia mvua iligoma lini na nani aliugua baada ya hapo.

Miaka ya sabini na themanini vikaanza kupotea kwa wingi. Vijana wenye shida ya hela wanaving'oa usiku, vinapelekwa kwenye maduka ya vitu vya sanaa huko mijini, vinasafirishwa Marekani, matajiri wananunua, alafu wanavitoa zawadi kwa makumbusho za vyuo na kupata punguzo la kodi. Na kule vinasimamishwa kwenye ukumbi mweupe na taa juu, maelezo chini yanasema sanamu ya kumbukumbu, Kenya, mti. Basi. Jina la marehemu hamna, jina la mchongaji hamna, kijiji hamna. Watu wanapita wanasema jamani mistari mizuri. Na kweli mistari ni mizuri, hapo sibishi, ila huo uzuri ndo ulikuwa bei yake.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, akiwa huko kwenu alimpiga picha mzee mmoja amesimama na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibiwa. Mzee akamwomba atafute. Mwaka 1999 Udvardy yuko kwenye mkutano wa wasomi wa mambo ya Afrika huko Marekani, mtu anaonyesha slaidi za vitu vilivyo kwenye mkusanyo wa makumbusho, na kwenye slaidi moja kile kigango hiki hapa. Kilikuwa kwenye mkusanyo wa Illinois State University. Cha pili kikaja kupatikana makumbusho ya Hampton University, Virginia. Akashikana na mwenzake Linda Giles na John Mitsanze wa upande wa Kenya wakafatilia na vingine, wakakuta kuna mamia vimetawanyika kwenye makumbusho za Marekani, wakaandika makala 2003 bila kupepesa macho kuhusu hiyo biashara. Vile viwili vilirudi, kimoja baada ya kingine, 2006 na 2007. Baadae makumbusho ya Denver ikaamua 2014 kurudisha vigango 30, na 2023 Illinois State Museum nayo ikarudisha 37.

Kwa hiyo mwambie bibi hivi: wapo wasomi waliovipamba vigango kwenye katalogi zenye karatasi za kung'aa, na kila katalogi iliyotoka ilimpa dalali sababu ya kupandisha bei, hao bibi anawasema na yuko sawa. Lakini kilichofanya vile viwili virudi ni picha ya 1985 yenye tarehe, mahali na jina la mwenye mji. Bila ile picha makumbusho ingesema lete ushahidi na ushahidi usingekuwepo. Na angalia ilichukua miaka 14 kutoka kupiga picha mpaka kukiona, alafu mingine 7 mpaka kukirudisha, hapo kuna mtu alikuwa hajasahau.

Ukiingia kwenye fani anzia hapohapo kwa bibi. Muulize majina, na akikwambia hili usiandike, usiandike.

SWALI: Nipo Muscat, wazee wetu walitoka Unguja. Hapa tunaambiwa milango ya Zanzibar ni sanaa ya Waarabu wa Oman, nikienda Zanzibar naambiwa ni ya Kihindi, Mombasa wanasema ni ya Waswahili. Ukweli? – Bi wa Muscat

Bibie, wote wanavuta kamba na wote wana kipande. Milango ya zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka, nakshi za maua na mara nyingi maandishi ya Kiarabu, na mfaa, ule ubao wa kusimama katikati ya mlango, umechongwa kwelikweli. Ile yenye tao juu na maua yamejaa mpaka pembeni ilishika sana kuelekea mwisho wa karne ya 19, enzi za Sayyid Barghash na baada yake, pamoja na mafundi na matajiri wenye asili ya Bara Hindi. Ila kuchonga pwani hii kulikuwepo kabla, nenda msikiti wa Kizimkazi usome kibla chake kwenye jiwe, mwaka wa hijria 500, yani 1107, huko hata usultani wa Oman hapa bado sana.

Sikuhizi wasomi kama Prita Meier, aliyeandika kuhusu miji ya bandari ya Waswahili, hawaulizi tena mlango ni wa kabila gani. Wanauliza mwenye nyumba alikuwa anawaambia nini majirani kwa kuweka ule mlango pale, mana tajiri wa Mji Mkongwe alichanganya vya Bombay, vya Uarabuni na vya Lamu makusudi, aonekane ni mtu wa bahari nzima. Mimi jibu hilo linanitosha kuliko kugawana milango kama mirathi. Linaloniudhi ni kwamba tunajua milango mingi ilikuwa ya tajiri gani na mafundi tunawajua wachache mno.

SWALI: Marehemu babu kaacha picha ya chui imechorwa kwenye hadibodi, mraba, rangi ya kung'aa, imeandikwa Tingatinga chini. Wajomba wanataka kuiuza. Tufanyeje? – Mjukuu wa Tanga

Msiuze wiki hii, kwanza.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, akaanza kuchora Dar 1968 kwa rangi za mafuta, zile za kupaka baiskeli, kwenye hadibodi za mraba, na 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine. Miaka minne tu ya kazi. Kwa hiyo zake mwenyewe ni chache, na zenye jina lake zisizo za mkono wake ni nyingi, mana wanafunzi na ndugu waliendeleza, kina January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde, Simon Mpata, na jina likawa la mtindo mzima. Ikitokea ni ya mmoja wa hao bado ni kitu kikubwa, msivunjike moyo.

Wasomi wenyewe bado wanavutana kama Tingatinga alibuni kutoka sifuri au alitoka kwenye utamaduni wa kuchora kuta za nyumba huko kusini. Wanaosema alitoka kwenye kuta wanapenda kurudi kwa Karl Weule, Mjerumani aliyepita Lindi na Newala mwaka 1906, vita vya Maji Maji havijapoa, akawapa watu karatasi na penseli wachore. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba kitabu chake kinataja waliochora: Barnabas, Mmwera wa Lindi, kachora wanyama, na Pesa Mbili, Mnyamwezi kiongozi wa wapagazi, naye yumo. Mkoloni wa 1906 kaandika jina la mpagazi aliyechora, na makumbusho ya juzi inashindwa kuandika la mchonga kigango! Kama kweli kuta na hadibodi vinaungana sijashawishika bado, miaka sitini katikati ni mingi na kuta za udongo zimeshabomoka zote.

Sasa kwenu. Msiioshe, msiipake vanishi, na ile vumbi ya nyuma msiifute kwanza. Pigeni picha mbele, nyuma, na saini kwa karibu, kwenye mwanga wa mchana bila flashi. Geuzeni mtazame kama nyuma kuna stika ya duka au bei kwa penseli, siku zile nyingi ziliuzwa barazani pale Morogoro Stores, Oysterbay, na bei kwa shilingi inasaidia kukisia mwaka. Kaeni na bibi kama yupo, aseme babu alikuwa anafanya kazi gani miaka hiyo na aliinunua kwa nani au alipewa na nani, mrekodi kwenye simu anaongea mwenyewe. Tafuteni na picha za zamani za sebuleni, chui akionekana ukutani nyuma ya watu kwenye picha yenye tarehe mmeshapata ushahidi ambao dalali yeyote atauheshimu. Mkishakuwa na hivyo ndo mwende kwa mtu wa chuo au makumbusho, na huyo mjomba mwenye haraka mpeni yeye kazi ya kutafuta risiti.